Miguu Kwanza, Jicho Baadaye

*Shikamoo babu. Mimi ni kijana wa miaka 29, mkazi wa Moa, wilaya ya Mkinga. Siku za kazi niko kwenye mashamba ya chumvi, mwisho wa wiki napiga picha za harusi. Kamera yangu ni ya mkono wa pili, ina lenzi mbili: moja ya mm 18-55 na nyingine ya mm 50. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa ukageuka mwekundu, nilipiga picha zaidi ya mia moja. Zote zimetoka doa tu, na vijana wa kijiweni wakaniuliza kama nimepiga picha ya nyanya. Tangu siku hiyo sina raha. Nataka darubini ya kupigia picha nyota.*

*Mwezi ujao napokea upatu, shilingi 1,200,000. Tanga mjini kuna mtu anauza darubini ya kioo ya mm 150 pamoja na stendi yake ya ikweta, ile yenye vyuma vya kusawazisha, anataka 1,100,000. Binamu yangu wa Muscat anasema niachane nayo, yeye atanitumia ile darubini ndogo inayojiendesha kwa simu, nimlipe kidogo kidogo. Na dukani nimeona nyingine ya laki moja na nusu, boksi limeandikwa inakuza mara 525. Shida ni kwamba mke wangu anajua upatu huu ni wa bati za jiko. Sijamwambia. Ninunue ipi?*

*H.J., Moa*

Marahaba, mwanangu

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, na usidhani nilikucheka wewe. Nilijiona mwenyewe.

Zamani nilikuwa na studio ya picha Ngamiani, Tanga mjini. Siku moja baharia mmoja aliteremka bandarini na lenzi ndefu ya mm 500, nyeusi, inang'aa, ndani ya mkoba wa ngozi. Nikampa akiba yangu yote. Usiku ule ule niliifunga kwenye stendi yangu nyembamba ya studioni, nikauelekezea mwezi, nikamaliza filamu nzima ya picha 36. Nilipoisafisha, kila picha ilikuwa chapati iliyodondoka mchangani. Upepo ukivuma kidogo, lenzi inatikisika kama bua la mtama. Baada ya masika mawili kuvu ikaota ndani ya vioo, nyeupe, yenye matawi kama mizizi. Marehemu mke wangu aliiita lile bomba lisilotoa maji. Aliiita hivyo miaka ishirini.

Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekwisha kulipa karo ya somo hili.

Ulipokosea usiku ule

Kamera yako haina kosa. Tazama hesabu hii. Chukua urefu wa lenzi, gawa kwa 110, utapata upana wa mwezi ndani ya kamera. Lenzi ya mm 55 inauchora mwezi kwa upana wa nusu milimita. Hata ungekuwa na mkono wa chuma, nusu milimita ni doa.

Halafu mwezi mpevu wa kawaida una mwanga mwingi. Kamera inaupiga kwa kufumba na kufumbua. Mwezi uliopatwa umefifia mno, unataka sekunde nzima au zaidi. Nadhani uliishika kamera mkononi, au uliiweka juu ya ukuta ukabonyeza kwa kidole. Sekunde moja mkononi ni safari ndefu.

Kuna na la tatu, nalo ndilo linalowaliza wengi: mbingu haisimami. Dunia inazunguka, nyota zinahama digrii 15 kila saa. Mwezi unapita upana wake mwenyewe kwa dakika mbili tu. Wapiga picha wana kanuni nyepesi ya kupimia: gawa 500 kwa urefu wa lenzi, utapata sekunde unazoruhusiwa kabla nyota hazijageuka vistari. Kwa mm 50 ni sekunde 10. Kwa kamera kama yako, ambayo sensa yake ni ndogo, hesabu sekunde 6. Kwa darubini yenye fokasi ya mm 750 hufikishi hata sekunde moja.

Na nyota hazipigwi picha kwa haraka. Mwanga wake unakingwa kama maji ya bomba linalodondoka tone tone usiku kucha: mtungi usiotulia haujai. Basi shika neno hili moja kabla hatujaenda mbele. Katika kazi hii stendi ndiyo mali, darubini ni mgeni wake. Miguu kwanza, jicho baadaye. Mwenye lenzi ndogo kwenye stendi inayofuata nyota atarudi na picha. Mwenye bomba kubwa kwenye stendi isiyofuata atarudi na hadithi.

Mbingu ya Moa si mbingu ya vitabu

Hapa ndipo ninapotaka utulie unisikilize.

Ile stendi ya ikweta ya Tanga mjini ni chombo cha maana. Ina mhimili mmoja ambao lazima uelekezwe kwenye ncha ya mbingu, pale ambapo nyota zote zinazunguka. Ukishaelekeza vizuri, mota moja inatosha kuzifuata nyota usiku mzima. Lakini vitabu vingi na karatasi za maelezo zimeandikwa na watu wa kaskazini, nao watakuambia: tafuta nyota ya Jaa, elekeza hapo, umemaliza.

Kijana wangu, Moa huioni Jaa. Mko karibu digrii 5 kusini ya ikweta, na Jaa kwenu imezama chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Manahodha wetu walikuwa wakiikuta mbele ya safari, kusi ikishawavusha ikweta kuelekea Uarabuni. Kwenu ncha inayoonekana ni ya kusini, nayo imeinuka digrii hizo hizo 5 tu, karibu igusane na miti. Nyota iliyopo jirani na ncha hiyo imefifia kiasi kwamba hata kwenye giza zuri inataka macho makali. Ikiwa chini vile, ndani ya ukungu wa pwani, isahau.

Tena kuna jambo la chuma chenyewe. Mtu wa London anaelekeza mhimili wake juu digrii 51. Wewe lazima uulaze, karibu sawa na ardhi, kama mlingoti uliokwisha kuteremshwa. Stendi nyingi za bei ya chini hazilali kiasi hicho. Zinakwama njiani, au ule mkono wa vyuma vya kusawazisha unagonga mguu wa stendi. Kabla hujatoa hata senti, mwambie muuzaji ailaze stendi mpaka kipimo chake kisome 5, mbele ya macho yako, halafu aizungushe. Ikigonga, au kipimo kikigoma kwenye 20 au 25, mwage kwaheri kwa heshima zote. Si tapeli, pengine naye hajui. Anauza kiatu kizuri, ila si cha mguu wako.

Lakini usihuzunike. Ikweta iliyowanyima Jaa imewapa mbingu zote mbili. Unaona vya kusini na vya kaskazini, karibu kila nyota iliyopo, mwaka ukizunguka. Hata wataalamu wa roketi waliufuata ukanda huu: kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei ya nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Pwani hii hii yetu, mwanangu, mwendo wa siku moja kutoka kwenu.

Na kuna zawadi nyingine nitakayokuonyesha mbele kidogo. Iko kwenye ubao na bawaba.

Tuvipime vitu vyenyewe

*Ya dukani, inayokuza mara 525.* Hii tuizike haraka. Darubini haikuzi kwa maneno ya boksi. Chukua upana wa mdomo wake kwa milimita, zidisha kwa mbili. Hapo ndipo ukomo wa ukuzaji wenye faida. Mdomo wa mm 60 ni mara 120, tena usiku ukiwa mtulivu. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Na miguu yake ni ya bati jembamba. Hiyo ni lenzi yangu ya baharia imevaa nguo mpya.

*Ya kioo, mm 150.* Jicho lake ni zuri, sikatai. Ukiitazamia mwezi utakaa kimya. Lakini pamoja na stendi na vyuma vyake ni mzigo wa kilo ishirini hivi, na kila usiku utaubeba, utaupanga, utausawazisha, kisha uanze kuitafuta ncha usiyoiona. Upepo wa kusi ukilishika lile bomba pana, linakuwa tanga. Kwa picha za muda mrefu utahitaji pia mota, betri, kiungo cha kamera, na baadaye kamera ndogo ya pili ya kuongoza. Ile 1,100,000 ni bei ya mlango. Ndani kuna vyumba.

*Ya kukaa mezani.* Hii hukuitaja, lakini nakutajia. Kuna darubini za kioo za mm 130 zinazokaa kwenye kiti cha mbao, zinageuka juu na chini, kushoto na kulia, basi. Mtindo wa kiti hicho ulienezwa na John Dobson, mtawa wa San Francisco, ambaye miaka ya 1960 alikuwa akiunda darubini kwa mbao na vioo vya kuokoteza, akiziweka njiani wapita njia wachungulie. Ukiibana simu yako kwenye lenzi yake ya jicho utapiga mwezi na mashimo yake, na miezi minne ya Mushtara imepanga mstari. Zohali utaiona na pete zake, ingawa mwaka 2025 zilikaa ubavu zikawa nyembamba kama uzi, na sasa zinafunguka polepole. Kwa mawingu ya gesi na nyota hafifu, hii si yake. Ni ya macho na ya watoto wa jirani.

*Ya binamu, inayojiendesha.* Nadhani anasema zile za aina ya Seestar. Ile S50 iliyotoka mwaka 2023 ina mdomo wa mm 50 tu na fokasi ya mm 250, lakini ina mota, kamera na kompyuta ndani yake. Unaiweka chini, unaichagulia kitu kwenye simu, inakitafuta yenyewe. Haihitaji Jaa, inatazama nyota zilizo mbele yake na kujua ilipo. Inapiga picha fupi za sekunde 10, inazipanga moja juu ya nyingine. Picha 300 ni dakika 50 za mwanga. Kwa mtu wa ikweta asiye na mwalimu, kwa kweli binamu yako hakukosea.

Ila zijue kasoro zake. Huchungulii kwa jicho, unatazama simu. Ikiharibika, fundi wake hayupo Tanga. Na kwa kuwa inageuka juu-chini na kushoto-kulia tu, vitu vinapopita utosini inahangaika, na kwa vile vya kusini, kama Msalaba, picha inazunguka polepole ndani ya fremu, pembe zinaharibika. Dawa yake ni kupiga vitu vikiwa mashariki vinapanda au magharibi vinashuka. Hapo tena Moa mmebarikiwa: nyota za Jabari, zile tatu za mkanda na wingu la gesi lililo chini yake, kwenu zinapanda wima kama ndoo inayovutwa kisimani, zinapita karibu kabisa na utosi, zinashuka wima upande wa pili. Zikiwa zinapanda, picha haizunguki.

Bei yake nje imekuwa karibu dola 500, ila uliza ya leo. Ndugu yake mdogo, S30, karibu 350. Ongeza usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Upatu wako wote utaishia hapo na utadaiwa juu yake. Kumbuka, deni la ndugu halina riba lakini lina macho.

Ubao na bawaba

Sasa zawadi niliyokuahidi. Wewe una kamera tayari, na una lenzi ya mm 50. Unachokosa ni miguu inayofuata nyota. Nenda kwa seremala.

Mwambie akukatie vipande viwili vya plaiwudi nene, kila kimoja sm 30 kwa sm 26, avifunge kwa bawaba kwenye upande wa sm 30, vifunguke kama kitabu. Bawaba isiwe na mchezo hata kidogo. Chagua ile ngumu. Kisha tafuta skrubu ndefu ya mm 6, ile ambayo ukiizungusha mara moja inasogea milimita moja kamili. Kwenye kipande cha chini toboa tundu, umbali wa mm 228 kutoka katikati ya pini ya bawaba, uzamishe nati humo. Skrubu ipande kupitia nati, ncha yake isukume kipande cha juu. Mwisho wa chini wa skrubu weka kifuniko cha chupa au gurudumu la mbao kama mpini, ukalichore alama nne. Kamera inakaa juu, kwenye kichwa kinachogeuka pande zote.

Ukizungusha skrubu mara moja kila dakika, yaani robo moja kila sekunde 15, ubao wa juu unainuka kwa kasi ile ile inayohama mbingu. Ndiyo siri yote ya hiyo mm 228. Ukikosea kipimo hicho, hakuna ustadi wa mkono utakaokuokoa.

Mtu wa London lazima ausimamishe ubao wake kwa pembe kali juu ya stendi imara. Wewe unaulaza mezani. Bawaba ielekee kusini na kaskazini, ikiwa upande wa magharibi. Skrubu iwe mashariki. Halafu inua ncha ya kusini kwa kabari ya sm 2.5. Basi. Hizo sm 2.5 kwa ubao wa sm 30 ndizo zile digrii 5 zenu. Meza iwe nzito, na itobolewe kidogo chini ya skrubu ili mpini upate nafasi, au uuweke ubao juu ya matofali mawili.

Kusini utaijuaje? Subiri usiku ambao Msalaba wa Kusini umesimama wima. Mwezi wa Mei hiyo ni kama saa tatu usiku. Ning'iniza uzi wa mshipi wenye chubwi, ulinganishe. Chini ya Msalaba uliosimama ndiko kusini kwenyewe. Na kama huna subira ya kungoja Mei, mzee wako nakupa siri nyingine: Makka iko karibu kaskazini kamili ya pwani yenu, tofauti yake ni digrii moja na nusu tu. Simama kwenye mstari wa kibla cha msikiti uliopimwa vizuri, na mgongo wako unatazama kusini. Si ajabu wazee wetu walisema kibla wakimaanisha kaskazini.

Ukiwa hivyo, sekunde zako 6 zinakuwa dakika mbili. Mwanga mara ishirini kwa gharama ya mbao, bawaba na skrubu. Piga picha ishirini za dakika mbili, zipange kwa programu ya bure kama Siril kwenye kompyuta ya rafiki, utaona wekundu wa wingu la Jabari ukitoka gizani. Mwezi wa Januari na Februari, kaskazi ikiwa imesafisha mbingu, ndio wakati wake, na Kilimia kipo jirani. Juni hadi Agosti geukia Nge na moyo wa Njia Nyeupe. Masika na vuli, pumzika. Wingu halina dawa.

Chagua usiku wa giza, siku za bamvua ya mwezi mchanga. Ila wavuvi wa dagaa nao wanalisubiri giza hilo hilo na taa zao, kwa hiyo geuzia mgongo bahari, elekea bara.

Hatari ambazo muuzaji hakutaji

*Chumvi.* Wewe unafanya kazi ndani yake, unajua inavyokula panga. Mikono ioshwe kwa maji baridi kabla ya kugusa kamera. Lenzi usiifute kwa shati. Ipulize kwanza, chembe moja ya chumvi inachora kioo. Ukirudi ndani weka vyombo kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe. Kuvu haibishi hodi. Na kamera hiyo ndiyo inayoleta pesa za harusi: ukiiua kwa ajili ya nyota, umeua vyote viwili.

*Jua.* Hapa sibembelezi. Hakuna kuchungulia jua kwa darubini wala kwa lenzi ndefu, hata linapozama, hata kwa nukta moja. Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, jua lilipopatwa na watu wakafurika Rujewa kulitazama, walihimizwa kutumia miwani maalumu, na hiyo ni kwa jicho tupu. Darubini bila kichujio chake mbele ya mdomo inachoma jicho kabla hujahisi maumivu. Ukishapata yoyote, mchana ifunike na uiweke mbali na watoto.

*Mpaka.* Moa si mbali na Kenya, na ufuko wenu unalindwa. Mtu anayekaa gizani saa saba usiku na bomba limeelekezwa huku na huku ataulizwa, na ana haki ya kuulizwa. Mwambie mwenyekiti wa kijiji mapema, mwonyeshe picha, na kituo cha polisi kijue. Dakika kumi za maelezo zinakuepusha na usiku wa maswali.

*Njia za panya.* Kama kitu kitapitia Mombasa, kipite Horohoro, kilipiwe, upewe risiti. Chombo cha magendo hukidaii dhamana, hukiuzi kwa raha, na kila ukisikia pikipiki usiku unakizima.

Bati

Nimekuwa mpole hadi hapa. Sasa nikaze.

Mkeo anapika chini ya paa linalovuja, na kichwani mwake bati zimekwisha kununuliwa. Wewe unataka kurudi nyumbani na bomba. Hata kama lingekuwa bomba bora Afrika Mashariki nzima, kila mvua ya masika itakayozima moto jikoni italitaja. Najua, nilisikia jina la bomba langu miaka ishirini.

Sisemi una nia mbaya. Mtu anayekesha kwa ajili ya uzuri wa mbingu si mtu mbaya. Lakini ulichomficha mkeo kinakufanya uharakishe, na haraka ndiyo inayowanunulia watu vitu vikubwa visivyowafaa. Mwambie leo, si kesho. Mwonyeshe barua hii ukitaka. Anza na bati, kisha mwombe sehemu ndogo ya upatu kwa ajili ya ubao na kichwa cha kamera. Hiyo mtu haombi mara mbili.

Hukumu yangu

Usinunue ya mm 150. Ya dukani usiiguse. Binamu yako mshukuru, mwambie asubiri.

Ezeka jiko. Tengeneza ubao. Nunua daftari, na kila usiku unaotoka andika tarehe, saa, lenzi, dakika, upepo, na kilichoharibika. Fikisha usiku ishirini, kaskazi na kusi zote zikiwemo. Ukifika usiku wa tano ukaona unapiga miayo, umeokoa upatu mzima na hakuna wa kukucheka. Ukifika wa ishirini na bado unatoka, basi wewe ni mtu wa kazi hii, na upatu wa mwakani utajua wapi pa kwenda: ile ndogo inayojiendesha, au stendi ndogo yenye mota ya kubebea kamera yako, bora tu uhakikishe inalala digrii 5 na ina swichi ya kuzunguka kwa kusini. Wakati huo utakuwa unanunua kwa sababu unajua picha gani unaikosa, si kwa sababu vijana wa kijiweni walisema nyanya.

Na kabla ya kununua, chungulia ya mwenzio kwanza. Nairobi kuna Susan Murabana na mwenzake Chu Owen, walioanzisha Travelling Telescope, wanaipeleka darubini shule kwa shule, watoto wapange foleni. Ukisikia wamefika upande wa Mombasa, kamata gari. Dakika tano kwenye jicho la darubini ya mtu zitakufundisha kuliko boksi lolote.

Ukipata picha ya Jabari, nitumie moja iliyochapishwa. Studioni kwangu tulikuwa hatutoi picha bila kuandika nyuma: nani, lini, saa ngapi. Nawe uandike hivyo hivyo. Na chini yake, kama jiko limekwisha kuezekwa, andika na hilo.

Msalimie mama watoto.

Wako,
Babu